L ya Leta, R ya Rudi

Fundi Makokha alinipigia simu mwezi uliopita, asubuhi, kabla sijamaliza kikombe changu cha kwanza cha chai. Hakunisalimu. Anaamini simu hula pesa hata ukinyamaza, kwa hiyo yeye hupiga, husema, hukata. "Ririani," alisema, "mimi nafunga galeji. Magoti imekataa. Kuja uchukue vitu yako kabra watu ya vyuma hawajafika." Kisha akakata. Mimi nina miaka hamsini na minane, nina wajukuu watatu na karakana yangu mwenyewe kwenye barabara ya kwenda Bukura, na duniani kote hakuna mtu mwingine aniitaye Ririani. Jina langu ni Lilian. Lakini nilipoisikia sauti ile nilisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, nikaacha chai ipoe, nikaenda kutafuta viatu.

Gereji iko palepale nyuma ya soko la Kakamega, chini ya mabati yaleyale, ila mabati sasa yana matundu na jua linaingia kwa vipande na kulala sakafuni. Kuna banda kubwa la magari, kuna stoo iliyotengwa kwa mbao nyembamba ambazo hazijawahi kuzuia siri ya mtu, na kuna chumba cha mashine chenye dirisha moja linalotazama kibanda cha chakula. Kibanda siku hizi ni duka la simu. Nilianza kupekua rafu, na ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu nikakuta kipande cha mpira mweusi, urefu wa kiganja, kimefungwa utepe mweupe uliogeuka njano. Juu ya utepe kulikuwa na herufi moja kwa kalamu nene: L. Nilicheka mpaka nikaketi juu ya tairi. Fundi, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, alisogea, akainama, akaiona herufi, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Hiyo L," alisema, akijifuta macho. "Hiyo L ilitaka kutumariza."

Niliingia gereji ile mwezi wa Januari, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kukereza vyuma kutoka chuo cha ufundi, na ulimi mrefu kuliko cheti. Habari za kwetu nyumbani nitaziacha, hazina oili ndani yake. Fundi Makokha, mtu wa Shinyalu, mnene wa shingo na mwembamba wa maneno, aliisoma ile karatasi yangu mbele na nyuma kana kwamba huenda nyuma pameandikwa ukweli. Halafu akanionyesha chumba cha mashine. Chini ya dirisha palikuwa na benchi ya mti wa mvule, nene kama mlango wa kanisa, ina jiliwa kubwa la chuma upande wa kulia na droo tatu zilizofunguka bila kulia. Fundi aliyeitumia alikuwa amehamia Uganda. "Mwaka moja," Makokha alisema. "Ukinionyesha kazi mpaka Desemba, hiyo benchi ya dilisha ni yako. Ukishindwa, unaludi kwenu unashona sweta." Mwanga wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya ule mti, na nilipouwekea mkono ulikuwa na joto. Niliitaka benchi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na mume wangu hilo analijua.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu l na r. Kwetu huku herufi hizo mbili ni mapacha, na mama yao mwenyewe huwachanganya. Mimi nilikuwa nimepigwa viboko shuleni mpaka zikatengana, na nilijivunia kutengana huko kama mtu anavyojivunia meno meupe. Fundi hakupigwa vya kutosha. Mdomoni ilitegemea alivyoamka, lakini kwenye kuandika alikuwa na msimamo usioyumba: kila l ilikuwa r, na kila r ilikuwa l. Makopo ya stoo yalisema LANGI, GLISI, BLEKI. Kulikuwa na sanduku la vitasa vya MIRANGO. Siku za kwanza nilikuwa nikitoka stoo na kopo mkononi, nikimsomea kwa sauti, "Fundi, hii langi ni langi gani?" na vijana wa spana wakicheka, naye akicheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Nilidhani anafurahia. Ujana ni ugonjwa, na mgonjwa ndiye wa mwisho kujua.

Mwezi wa Machi ndipo alipokuja Bwana Rashidi wa Mumias. Aliuza mabati na misumari, alivaa kofia ya kufumwa hata akiwa chini ya gari, na alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine katika nchi yote ya miwa aliyekuwa nacho: gari la mbio, jekundu, milango miwili, chini kiasi kwamba kuku aliweza kulitazama machoni. Alilinunua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na kila mwisho wa mwaka alilipeleka mashindanoni, na kila mwisho wa mwaka lilirudi likivutwa kwa kamba. "Asalaam aleikum," alisema mlangoni. "Mulembe," Makokha alijibu, na hivyo ndivyo walivyosalimiana siku zote, kila mmoja kwa yake. "Makokha, gari langu lina ugonjwa wa kushoto. Kona ya kulia, safi. Kona ndefu ya kushoto, mshale wa geji ya oili unaanguka hadi chini, na beringi zinaungua. Mara mbili sasa. Mafundi wote wananibadilishia beringi tu. Injini hii haina dada yake katika nchi hii. Ikifa mara ya tatu, nimekwisha."

Gari la kawaida huweka oili yake kwenye bakuli chini ya injini, nalo bakuli hilo ndilo sampu. Gari la mbio likifanya hivyo, kwenye kona kali oili yote hukimbilia upande mmoja, pampu hunyonya hewa, na injini inayokunywa hewa badala ya oili huungua kabla dereva hajamaliza kusema mama yangu. Kwa hiyo magari hayo hutumia sampu kavu. Bakuli halihifadhi kitu. Pampu hunyonya oili mara inapodondoka, huipeleka kwenye tangi la pembeni, na pampu nyingine huitoa tangini na kuisukuma tena ndani ya injini. Gari la Rashidi lilikuwa na mfumo huo, lakini wa kizamani, na hakuna aliyejua kwa nini unachukia kushoto. Makokha aliupata ugonjwa huo mezani. Tulikuwa kwenye kibanda cha Mama Khasandi, chini ya dirisha la chumba cha mashine, mimi, yeye na Rashidi, na sahani za obusuma, ugali wa kwetu, na mchuzi wa ingokho, yaani kuku. Rashidi alikula pale bila wasiwasi kwa sababu kuku wa Mama Khasandi walichinjwa na muuza nyama Mwislamu wa jirani, naye Mama Khasandi aliwatangazia hivyo wateja wote kabla hata hawajauliza. Makokha alishika sahani yake ya mchuzi, akaweka kijiko kwenye ukingo wa kushoto, akaiinamisha sahani kulia. "Angaria. Hii kijiko imepata nini?" "Hakuna," nikasema. "Gari ikienda kushoto, mchuzi inakimbia huku. Na kijiko iko moja tu, huku ingine." Akatazama sahani muda mrefu. "Inataka kijiko ya piri." Mchuzi ulikuwa umeshafika kwenye kitambaa cha meza, na Mama Khasandi, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi, alimpiga begani na mwiko.

Basi ikawa hivyo. Rashidi aliagiza kutoka ng'ambo pampu mpya ya vijiko vitatu, kama tulivyoiita tangu siku hiyo: viwili vya kunyonya, kimoja cha kulisha. Na tangi, kwa kuwa la zamani lilikuwa dogo na lilitoa povu kama sabuni, Makokha alisema tutalitengeneza wenyewe. Hakusema nani. Siku chache baadaye nikiwa stoo natafuta msumeno nilisikia sauti zao upande wa pili wa mbao. "Makokha, wallahi, tangi umempa yule binti?" "Nimempa." "Na injini ikiungua?" "Ikiungua yeye ataenda kushona sweta, na mimi nitaenda kurima mahindi Shinyaru." "Na mimi?" "Wewe utapanda baisikeri." Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikaa chini kati ya makopo ya LANGI, msumeno umelala mapajani, nikaelewa kwamba mtu yule mwenye maneno machache alikuwa ameweka jina lake la miaka ishirini chini ya mikono yangu, na kwamba hangeniambia kamwe.

Tangi nililifanya mara tatu. Nilipata makopo matatu ya alumini ya kubebea maziwa, membamba na marefu, yaliyostaafu kutoka zizi moja la Bukura, na hadi leo nasema hakuna kiwanda kilichowahi kutengeneza umbo bora zaidi kwa kazi ile. La kwanza nililiyeyusha kwa moto wa gesi, kwa sababu alumini haibadiliki rangi kukuonya. Inakutazama tu, kisha inaanguka. La pili lilivuja. La tatu lilishika, lakini nilipolijaribu kwa pampu ya zamani oili iliingia kwa juu ikidondoka katikati, ikafanya povu, na povu ni hewa, na hewa ndiyo iliyokuwa ikiua beringi. Nilikaa dirishani nimenuna. Chini yangu Mama Khasandi alikuwa akimimina chai. Kwa wateja wa kawaida aliimimina kutoka juu ili itoe povu wapende. Lakini kwa mzee mmoja aliyechukia povu alikiinamisha kikombe, akaipitisha chai ubavuni, ikashuka ikizunguka, kimya kabisa. Niliruka kutoka kwenye stuli nikapiga kichwa kwenye dirisha. Siku iliyofuata nilitoboa tundu jipya ubavuni mwa tangi, juu, la kuingiza oili kwa mshazari ili ishuke ikizunguka ukuta, na nikaacha tundu la kuitolea chini kabisa. Juu inaingia, chini inatoka. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kutumaliza.

Mwezi wa Julai nilifanya jambo ambalo bado linanichoma. Fundi alikuwa amechora kibao kipya cha gereji, kwa mkono wake, kazi ya Jumapili nzima, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: GALEJI YA MAKOKHA. BLEKI, LEJETA, TAILI. Alikileta Jumatatu kimefunikwa kwa shuka. Rashidi alikuwepo, na wateja wengine sita au saba. Alipokifunua nilicheka. Sikuweza kujizuia, au labda niliweza. Nikachukua chaki, nikaenda mbele ya watu wote, nikasahihisha: r hapa, r pale, kama mwalimu wa darasa la pili. Watu walicheka pamoja nami. Fundi alingoja nimalize. "Sawa, mwarimu," alisema, akakifunika kibao, akakiingiza ndani, na hakikutundikwa kamwe. Kwa wiki nzima hakuniita Ririani. Aliniita mwalimu, kwa upole, na kila alipolitamka neno hilo nilitamani ardhi inimeze. Mama Khasandi alinipa chai bila kunitazama. "Huyo mzee alichora hiyo kitu na bulashi ya kunyoa," aliniambia. "Na wewe unacheka." Nililia usiku ule, na asubuhi niliapa kwamba sitamsahihisha tena maishani. Nitasoma kwa njia yake. Akiandika l nitajua ni r, akiandika r nitajua ni l, na mdomo wangu nitaufunga. Nilishika kiapo kile vizuri sana. Kufikia Oktoba nilikuwa nikisoma makopo ya stoo bila hata kufikiri, na nikaona ni kama heshima, na pengine ilikuwa heshima.

Nilichokuwa sijui ni kwamba na yeye alikuwa ameapa. Jioni baada ya kazi, nikiwa kwenye mashine, nilikuwa nikimsikia chini ya dirisha, kwa Mama Khasandi, akisema polepole, "Leta. Leta. Leta." Na Mama Khasandi akicheka. Nilidhani anaagiza chakula, nikawaza kwamba mzee yule anakula sana.

Pampu ilifika Novemba. Ilikuwa nzuri mno, ndogo, nzito, inang'aa, na tuliiweka kwenye meza ya Mama Khasandi wakati wa chakula ili watu waione. Kuifunga kulichukua siku nne. Makokha alilala chini ya injini, akafunga mipira kwenye pampu, na miwili ya tangi akaipitisha kwenye ukuta wa chuma hadi nyuma ya gari, ambako mimi nilikuwa nimekaa ndani ya buti na tangi langu. Mipira yote miwili ilikuwa sawa kwa unene na rangi. Mmoja ulikuwa wa kuleta oili kutoka tangini, mwingine wa kuirudisha tangini. Kutoka nilipokaa sikuweza kuona unakotoka huu wala ule, lakini Fundi alikuwa amevifunga vichwa vya mipira hiyo utepe mweupe na kuandika herufi moja kwenye kila kimoja. L na R. Nilitabasamu peke yangu ndani ya buti. Leta kwake ni reta. Kwa hiyo R ndiyo ya kuleta, inafungwa chini. Rudi kwake ni ludi. Kwa hiyo L ni ya kurudi, inafungwa juu. Nilifunga nikakaza, nikajaza oili, nikaona nimekuwa mtu mzima.

Tuliamua kuliwasha Jumamosi saa sita mchana. Rashidi alikuja na shemeji zake wanne kutoka Matungu, wamevaa kanzu safi, wamesimama mbali na grisi. Mashindano yalikuwa wiki iliyofuata. Fundi alikuwa na desturi moja ambayo sijaivunja mpaka leo: injini iliyofunguliwa haiwashwi mpaka oili ifike kwanza. Plagi hutolewa zote, injini huzungushwa kwa stata bila kuwaka, na mtu hutazama geji. Mshale ukipanda, plagi hurudishwa. Na plagi hukaa mfukoni mwa yule aliyefunga tangi. "Mwenye amefunga ndio anawekanga plagi," alikuwa akisema, "ndio akikosa, asikimbie." Zilikuwa sita, mfukoni mwa aproni yangu, na kila nilipopumua ziligongana.

Rashidi alizungusha. Mshale haukusogea. Akazungusha tena. Haukusogea. Mara ya tano stata ilianza kuvuta miguu, na mmoja wa shemeji alitazama saa yake. "Geji hii ya zamani, imekufa," Rashidi alisema, na jasho lilikuwa limeshika ukingo wa kofia. "Makokha, washa gari. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Makokha alitazama geji, akatazama wageni, akanitazama mimi. Nilimwona mtu mwenye haya. Alinyoosha mkono. "Reta plagi, Ririani."

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikimpa, na geji ikiwa nzima, injini isiyo na dada yake ingeungua mbele ya macho yetu kabla hatujahesabu kumi. Nikimnyima mbele ya watu, baada ya kile nilichomfanyia Julai mbele ya watu, benchi ya dirishani ingeenda kwa mwingine na mimi ningeenda kushona sweta, na ningestahili. Niliitazama benchi kupitia mlango wa chumba cha mashine. Kisha nikaweka mkono juu ya mfuko. "Sitoi, Fundi."

"Umesema?"

"Mshale haujapanda. Ulinifundisha mwenyewe. Plagi hazitoki hapa mpaka upande."

Shemeji mkubwa wa Rashidi aligeuka, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli, "Samahani, fundi hapa ni nani? Huyu binti au yule mzee?" Plagi zilikuwa zikinisaliti kwa kugongana mfukoni. Fundi alinitazama kwa muda niliouona mrefu kuliko mwaka wenyewe. Halafu akashusha mkono.

"Reo," alisema, "ni yeye." Akalala chini, akaingia chini ya injini. Tulisikia spana, kisha sauti yake: "Kavu. Mpira ya pampu iko kavu kama unga. Tangi iko na oiri?"

"Imejaa, imebaki nafasi ya juu tu."

"Sasa hii pampu inakunywa nini?"

Nilikimbia nyuma nikafungua buti. L juu, R chini. Kila kitu mahali pake. "Fundi," nikaita, "hii L uliandika, ni ya nini?"

"L ni leta," alisema kutoka chini ya gari. Alilitamka taratibu na safi, ulimi nyuma ya meno, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. "Leta."

"Leta?"

"Si wewe mwenyewe urisema? Leta ni L. Rudi ni R. Nimesoma wiki tatu kwa Mama Khasandi."

Niliutazama ule utepe wa juu. "Fundi," nikasema, "nimefunga L juu. Nilijua L yako ni ludi."

Chini ya gari kukatoka sauti kama ya mashine inayokataa kushika, na miguu yake miwili, iliyokuwa imetokeza nje, ikaanza kupiga sakafu. Alikuwa akicheka. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akicheka kwa mdomo wote. Mama Khasandi aliingiza kichwa kwenye dirisha la chumba cha mashine. "Nilimufundisha na mwiko mkononi!" alipaza sauti. "Kila akikosa, napiga! Kumbe huyu naye amegeuka?" Rashidi alielewa wa mwisho, akavua kofia, akajipepea nayo, akasema, "Subhanallah. Mmoja amehamia kwa mwenzake, na mwenzake amehamia kwa mmoja. Sasa nyumbani amebaki nani?" Shemeji zake walicheka mpaka wakasahau grisi na kuegemea ukuta.

Kubadilisha mipira hiyo hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Rashidi alizungusha tena, stata ikilalamika. Mshale ulilala. Ukalala. Kisha ukatetemeka kama sikio la ng'ombe, ukapanda, ukakaa. Nililia mbele ya wageni wa Matungu bila aibu yoyote, na plagi nilimpa Fundi moja moja, mkononi, zote sita, naye alipokea kila moja kwa mikono miwili.

Jumapili, baada ya kanisa, tulilipeleka Shianda, kwenye uwanja wa malori ya miwa ambao siku hiyo hulala mtupu. Gari lilikuwa na viti viwili tu. Fundi alikataa kuingia. "Wewe ndio macho ya tangi," aliniambia. Rashidi alisema Bismillahi, akakata kushoto, na hakuacha kukata. Tulizunguka kushoto katika vumbi jekundu mara ishirini, mara thelathini, watoto wa soko wamejipanga wakitupigia makofi, majani ya miwa yakiruka, na mimi macho yangu hayakutoka kwenye geji. Mshale ulisimama pale kama msumari. Tuliposimama nilifungua mlango, nikaenda hadi kwenye miwa, nikairudisha obusuma yote niliyokula asubuhi. Nilikuwa sijawahi kufurahi hivyo. Katika mashindano ya wiki ile Rashidi hakushinda, alitoka wa nne, na kwa mwaka mzima uliofuata alilaumu tairi. Lakini alirudi Mumias akiendesha, na kamba alimwachia Mama Khasandi aanikie nguo.

Jumatatu Fundi alikuja chumba cha mashine na makopo mawili ya LANGI, nyekundu na nyeusi, na ile brashi yake ya kunyoa. Aliinama mbele ya benchi ya dirishani, akapangusa ubao wa mbele kwa kiganja, akachovya brashi, akaiinua, na mkono ukabaki hewani. Nilimwona akiwaza, midomo ikijaribu kimya kimya, upande huu, upande ule.

"Hii jina yako," aliuliza bila kugeuka, "inaanza na gani?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipigiwa viboko. "Andika vile unaniitanga, Fundi," nikasema.

Akaandika herufi saba, taratibu, na kivuli cheusi chini ya kila moja: RIRIANI.

Mwezi uliopita vijana wanne waliibeba benchi hiyo hadi kwenye pikapu yangu, wakilalamikia uzito wake. Nyuma yake, kimegeuzwa uso ukutani, tulikuta kile kibao, na shuka yake. Chaki yangu ilikuwa bado inaonekana. Niliipangusa kwa kiwiko mpaka ikatoka yote, na sasa kimetundikwa mlangoni kwangu barabara ya Bukura, na wateja wanaonisahihisha ni wengi. Fundi alisimama kando ya pikapu akiegemea fimbo, akangoja niwashe gari. Kisha akasogea dirishani, akaweka ulimi nyuma ya meno kwa uangalifu ule wa zamani.

"Rudi salama, Lilian," alisema. Hakukosea hata herufi moja. Miaka thelathini na mitano alikuwa akiweza.

"Nitaludi, Fundi," nikamjibu.